Barabara Imenyooka, Kibao Kinasema 80: Namba Hiyo Imetoka Wapi?

Ubishi huu huanzia ndani ya gari. Barabara imenyooka kama uzi, lami ni laini, hakuna gari linalokuja wala mtu anayevuka. Pembeni kuna kibao cha duara jekundu chenye namba 80. Dereva anakitazama kibao, anaitazama barabara, kisha anauliza kwa sauti: "Sasa hapa 80 ya nini?" Abiria mmoja anasema wanatafuta hela za faini. Mwingine anasema Ujerumani hakuna vikomo na watu wanafika salama. Wa tatu, aliyeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, anaomba tu mwendo upunguzwe.

Swali la dereva ni la haki. Jibu tunalopewa kila siku, kwamba mwendo kasi unaua, ni la kweli lakini ni la mkato mno. Halielezi kwa nini iwe 80 na isiwe 95. Halielezi kwa nini barabara moja inapewa 120, na nyingine inayopendeza macho vilevile inapewa 80. Ndiyo maana watu wazima wenye akili zao wanaendelea kuamini kwamba namba zile ziliokotwa tu ofisini.

Niseme mapema ninaposimama: vikomo vya mwendo vina mantiki, tena nzito kuliko tunavyodhani. Tatizo ni kwamba tunaitafuta mahali isipokuwepo. Tunaitafuta kwenye ustadi wa dereva na uzuri wa gari, wakati imekaa kwenye sekunde moja ambayo dereva haihisi, na kwenye kile kitu ambacho gari litagonga mambo yakiharibika.

Kwanza tuelewane kwa maneno machache. Kikomo cha mwendo ni kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa na sheria mahali fulani, hali ikiwa nzuri. Hayo maneno ya mwisho husahaulika. Kibao cha 80 hakikuagizi uende 80. Kinakukataza kuzidi hapo, hata siku ambayo kila kitu kimekaa sawa. Kasi inayofaa ni kitu kingine: ni ile inayolingana na mvua, giza, vumbi, mzigo na uchovu wa wakati huo, na mara nyingi iko chini sana ya kikomo. Halafu kuna kasi ya usanifu, yaani ile ambayo wahandisi waliichukua walipokuwa wakichora kona, miinuko na umbali ambao dereva ataweza kuona mbele.

Kuhusu barabara zenyewe, katika makala hii nikisema barabara kuu nina maana ya ile iliyotenganishwa katikati kwa reli za chuma au ukuta, ambapo magari yanayokwenda na yanayorudi hayakutani kabisa. Nikisema barabara ya mashambani nina maana ya ile ya njia mbili, moja kwenda na moja kurudi, iliyogawanywa na mstari wa rangi tu. Tofauti kati ya reli ya chuma na mstari wa rangi ndiyo nusu ya habari yote hii.

Sasa tuanze na jambo jepesi. Gari halianzi kusimama pale dereva anapoona hatari. Kwanza jicho lione, akili itambue ni nini, mguu utoke kwenye mafuta uhamie kwenye breki. Dereva makini, aliyelala vizuri, hutumia takriban sekunde moja. Wengi hutumia moja na nusu au zaidi. Sekunde moja ni muda wa kutamka "Mungu wangu!" na katika muda huo gari halijapunguza chochote. Likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22. Kwenye 100 linakwenda mita 28, na kwenye 120 mita 33. Huo tuuite umbali wa kushtuka.

Baada ya hapo ndipo breki zinafanya kazi, na hapa ndipo hesabu inapotuponyoka kichwani. Umbali wa breki haukui sambamba na kasi. Kasi ikiwa mara mbili, umbali wa breki unakuwa mara nne, kwa sababu nguvu iliyobebwa na gari hupanda kwa kasi kuzidishwa kwa kasi yenyewe. Kwenye lami kavu, tairi zikiwa nzima na dereva akikanyaga breki kwa nguvu zote, gari dogo la kawaida linahitaji takriban mita 35 kutoka 80, mita 55 kutoka 100, na mita 79 kutoka 120. Ongeza umbali wa kushtuka, unapata mita 57, 83 na 113. Barabara ikilowa, sehemu ya breki inaweza kukaribia kuwa maradufu.

Namba kwenye karatasi hazisemi kitu, kwa hiyo siku moja nilikwenda kwenye barabara tulivu nikazipima kwa miguu, hatua ndefu moja kwa kila mita. Nilimwacha mwenzangu amesimama chini ya mti. Hatua ya 57 nilipogeuka, nilimwona vizuri, hata shati lake nililitambua. Hatua ya 113 nilimwona ni mtu, basi. Sikuweza kujua kama ananitazama mimi au ametazama kwingine. Nikaelewa kitu ambacho vitabu havikunifundisha: dereva anayekwenda 120 inambidi aamue kukanyaga breki kwa ajili ya mtu kabla hajaweza kuona kama mtu huyo amemwona.

Chukua sasa magari matatu yanayofanana kwa kila kitu, breki zilezile, madereva wenye wepesi uleule, tofauti ni kasi tu. Kila moja kwa zamu yake linapita kwenye mti ule, na mita 57 na nusu mbele yake ndama anaingia barabarani. La kwanza lilikuwa kwenye 80. Dereva anashtuka, anakanyaga, tairi zinalia, gari linasimama pua ikimgusa ndama. La pili lilikuwa kwenye 100. Dereva wake naye anashtuka na kukanyaga vilevile. Linapofika kwa ndama bado liko kwenye kilomita 68 kwa saa. La tatu lilikuwa kwenye 120. Linapofika kwa ndama liko kwenye 100.

Watu wengi wakisikia hesabu hii hawaamini, wanadhani aliyezidisha 20 atafika akiwa na 20. Hapana. Dereva wa tatu amefanya kila kitu sawasawa, amekanyaga breki mpaka mguu umetetemeka, na bado anagonga kwa kasi ambayo dereva wa kwanza hakuwahi kuifikia safari nzima. Sehemu kubwa ya nafasi aliyokuwa nayo ilimezwa na ile sekunde ya kushtuka, na iliyobaki haikutosha kupunguza mlima wa nguvu aliokuwa ameubeba.

Mlima huo tunaweza kuuona kwa macho tukiusimamisha wima. Kugonga kitu kisichosogea ukiwa kwenye 50 ni sawa na gari kuanguka kutoka urefu wa mita 10, yaani jengo la ghorofa tatu hivi. Kwenye 80 ni mita 25, ghorofa nane. Kwenye 100 ni mita 39, ghorofa kumi na tatu. Kwenye 120 ni karibu mita 57, ghorofa kumi na tisa. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesogelea ukingo wa paa la ghorofa ya kumi na tatu kwa sababu tu hali ya hewa ni nzuri na hamwoni mtu chini. Ndani ya gari hofu hiyo haipo, maana kiti ni laini, redio inaimba, na dirisha limefungwa. Mwili wetu haukuumbwa na kipimo cha kuhisi kasi ya kwenda mbele. Unahisi urefu tu.

Tena jicho huzoea. Ukiwa umekwenda 120 kwa saa nzima, ukishuka hadi 70 unahisi kama unatambaa, na bila kujua unarudisha mguu kwenye mafuta. Ndiyo sababu mahali pa hatari sana katika safari ndefu ni pale barabara kuu inapoisha na kukutupa kwenye barabara ya mashambani au kwenye makazi ya watu.

Mpaka hapa tumezungumzia kusimama. Ila swali kubwa zaidi ni: usiposimama, unagonga nini? Mwaka 1997 Bunge la Sweden lilipitisha sera ambayo kwa Kiswahili naweza kuiita Dira ya Sifuri. Wazo lake lilikuwa jipya wakati huo. Walisema binadamu atakosea, leo au kesho, hata awe hodari vipi. Kwa hiyo barabara na vikomo vyake vipangwe ili kosa la kawaida lisigharimu uhai. Wakauliza, mwili wa mtu unaweza kustahimili nini? Majibu yaliyokubalika na wataalamu wengi wa usalama barabarani ni haya: mtu anayetembea kwa miguu ana nafasi nzuri ya kupona akigongwa na gari lililo kwenye kilomita 30 kwa saa au chini ya hapo. Mtu aliye ndani ya gari zuri, amefunga mkanda, anaweza kustahimili kugongwa ubavuni kwa takriban 50, kwa sababu kati yake na gari jingine kuna mlango tu. Magari mawili yakigongana uso kwa uso, mpaka ni takriban 70 kwa kila moja, kwa sababu mbele kuna boneti inayokunjika na kunyonya nguvu.

Sasa iweke 80 ya kwenye kibao kando ya namba hizo. Barabara ya mashambani ina yote matatu: watu wanaotembea pembeni, njia panda ambapo gari linaweza kukuingilia ubavuni, na magari yanayokuja uso kwa uso mita mbili tu kutoka bega lako. Kwa kipimo cha mwili, 80 tayari imezidi. Ni namba ya maridhiano, kati ya hamu yetu ya kufika na uwezo wa mifupa yetu. Anayeiona ni ya chini mno ajue kwamba waliopima mwili wa mwanadamu wanaiona ni ya juu.

Na hapo ndipo tunapopata jibu la kwa nini barabara kuu inaruhusiwa 120. Umewaondoa wanaotembea. Umeondoa njia panda, magari yanaingia na kutoka kwa njia za pembeni. Umeweka chuma katikati. Kona umezilegeza, kando umeacha nafasi ya gari lililoharibika kusimama. Aina za ajali zinazoua zaidi umezifungia mlango kabla gari la kwanza halijapita. Gari ni lilelile na dereva ni yuleyule, lakini akikosea anakwaruza reli ya chuma badala ya kukutana na lori.

Kwa hiyo hoja ya Ujerumani, anayoitoa yule abiria wa pili, ina kweli ndani yake, lakini imesimuliwa nusu. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya barabara zao kuu, zile ziitwazo Autobahn, hazina kikomo cha jumla kwa magari madogo. Tangu 1978 kuna kasi inayopendekezwa tu, kilomita 130. Lakini vipande vingi vina vikomo vyake, vya kudumu au vya muda. Na msimuliaji huwa hasemi kwamba barabara za mashambani za nchi hiyohiyo zina kikomo cha 100 tangu 1972, wala kwamba zaidi ya nusu ya vifo vya barabarani Ujerumani hutokea kwenye hizo barabara za nje ya miji, huku Autobahn, inayobeba karibu theluthi ya kilomita zote zinazoendeshwa, ikiwa na sehemu ndogo zaidi ya vifo. Kinachowalinda kule ni chuma cha katikati, ukaguzi mkali wa magari na mafunzo marefu ya udereva. Hata hivyo kikomo bado kina la kufanya hata huko: kwenye kipande cha kilomita 62 cha barabara ya A24, kikomo cha 130 kilipowekwa mwishoni mwa 2002, ajali zilipungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Anayechukua mfano wa Autobahn na kuuweka kwenye barabara ya mstari wa rangi anachukua kasi na kuiacha reli ya chuma nyuma.

Kuna jambo moja la barabara za mashambani ambalo linastahili nafasi yake, nalo ni kulipita gari lililo mbele. Lori linakwenda 80, wewe una 100. Tofauti ni 20, yaani kama mita tano na nusu kila sekunde. Ili utoke nyuma yake kwa nafasi salama, ulipite lote na urejee mbele yake bila kulikata, unahitaji kulipita kwa jumla ya mita 60 hivi. Hiyo ni sekunde kumi na moja. Katika sekunde hizo wewe mwenyewe umekwenda mita 300 ukiwa upande wa watu wengine, na gari linalokuja kwa 100 nalo limekwenda mita 300. Unahitaji mita 600 za barabara tupu, zinazoonekana kweli, na jicho la binadamu ni dhaifu sana katika kukisia kasi ya gari linalomjia moja kwa moja: taa mbili za mbali huonekana kama zimesimama mpaka ghafla zinakuwa kubwa.

Hapa wapinzani wa vikomo wana hoja nzuri, na sipendi kuificha. Wanasema kikomo cha chini kinarefusha muda wa kulipita gari jingine. Ni kweli. Ukiwa na 90 badala ya 100, tofauti inakuwa 10 tu, sekunde zinakuwa 22, na barabara tupu inayotakiwa inapita kilomita moja. Lakini matokeo ya hesabu hiyo ni kwamba, kwenye barabara ya njia mbili, kulipita lori lenye mwendo wa 80 mara nyingi hakuna faida, na mahali pa kufanya hivyo pajengwe: njia ya ziada kwenye mlima, kipande cha njia tatu. Kumwongezea kila mtu kasi mchana kutwa ili wachache walipite lori kwa sekunde chache pungufu ni kununua dawa ghali kuliko ugonjwa.

Na tunachokipata kwa hiyo kasi ni kidogo kuliko tunavyohisi. Kilomita 100 kwa mwendo wa 80 ni dakika 75. Kwa 100 ni dakika 60. Kwa 120 ni dakika 50. Kwa 140 ni dakika 43. Angalia zawadi inavyopungua: dakika 15, kisha 10, kisha 7, ilhali nguvu ya kugonga inapanda kila hatua kwa mwendo mkubwa zaidi. Tena hesabu hiyo inadhani hakuna kona, foleni, wala kituo cha mafuta. Mafuta nayo hayana huruma. Upinzani wa hewa hupanda kwa kasi kuzidishwa kwa kasi, hivyo kutoka 100 hadi 120 hewa inakusukuma nyuma kwa asilimia 44 zaidi.

Usiku mambo yanabana zaidi. Taa za chini za magari mengi zinamulika vizuri mita 50 hadi 70 hivi mbele. Rudia zile namba za kusimama: 57 kwa mwendo wa 80, 83 kwa mwendo wa 100. Anayekwenda 100 kwa taa za chini anaendesha ndani ya giza ambalo hajaliona bado. Kama kuna lori limesimama bila taa, atalijua akiwa hana tena nafasi ya kusimama.

Nije kwenye imani moja inayosemwa sana na madereva wanaojua kubishana: kwamba kasi haiui, kinachoua ni tofauti ya kasi kati ya gari na gari. Ina mizizi ya heshima. Mwaka 1964 mtafiti wa Marekani, David Solomon, alichapisha uchunguzi wa barabara za mashambani za nchi hiyo, na mchoro wake ulionyesha kwamba wanaokwenda polepole sana nao walipata ajali nyingi, sawa na wanaokimbia. Watu wakahitimisha kwamba mwenda pole ni hatari. Watafiti waliorudia kuchunguza waligundua kwamba wengi wa hao "wenda pole" walikuwa wakipinda kuingia njia nyingine, wakisimama au wakianza kuondoka, na kasi zenyewe zilitokana kwa sehemu na maelezo yaliyotolewa baada ya ajali. Tofauti ya kasi ni hatari, hilo halina ubishi, na ni sababu mojawapo ya kuweka kikomo ili wote wakaribiane. Lakini haiondoi ule mlima wa nguvu. Magari mawili yenye mwendo sawa kabisa wa 100 yakigongana uso kwa uso, tofauti haikuwepo, na hakuna atakayesimulia.

Kipimo kinachotumika sana kimataifa, na ambacho Shirika la Afya Duniani hukitaja, kinatokana na kazi ya Göran Nilsson, mtafiti wa Sweden: wastani wa kasi kwenye barabara ukipanda kwa asilimia 1, ajali zinazoua hupanda kwa takriban asilimia 4. Ukishuka kwa asilimia 5, ajali hizo hupungua kwa karibu asilimia 19, tuseme moja kati ya kila tano au sita. Hiyo ndiyo sababu punguzo dogo ambalo dereva mmoja mmoja halihisi linaonekana wazi kwenye hesabu ya nchi nzima.

Marekani ililiona bila kulikusudia. Mwaka 1974, kwa sababu ya uhaba wa mafuta, ilishusha kikomo cha barabara zote hadi maili 55 kwa saa, yaani kilomita 89 hivi. Lengo lilikuwa kuokoa petroli. Vifo vya barabarani vilivyokuwa takriban 54,000 mwaka 1973 vilishuka hadi takriban 45,000 mwaka 1974. Si vyote vilitokana na kikomo, maana watu walisafiri kidogo pia mafuta yalipoadimika, lakini sehemu yake ilikuwa kubwa. Sheria hiyo ilifutwa 1995, na jimbo la Montana likaenda mbali zaidi: mchana, nje ya miji, hakuna namba, dereva aende tu kwa mwendo wa busara. Ndoto ya wabishi wote wa barabarani! Mwaka 1998 mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliibatilisha, kwa hoja ambayo naona ni ya haki kabisa: raia hawezi kujua ni wapi busara inaishia na kosa linaanzia, kila askari ana kipimo chake. Mwaka 1999 Montana ikaweka namba, maili 75 kwa saa kwenye barabara zake kuu. Kwa hiyo hata anayechukia vibao ajue kwamba namba inamlinda naye, dhidi ya askari anayeamua kwa macho.

Tukigusa faini, malalamiko hayo siyo yote ya kupuuzwa. Kuna vikomo vibaya. Kibao cha 50 kilichosahauliwa baada ya ujenzi kwisha miezi sita iliyopita, mahali ambapo hakuna nyumba wala njia panda, na askari amejificha nyuma ya kichaka, kinaharibu zaidi ya mfuko wa mtu mmoja. Kinamfundisha dereva kwamba vibao havimaanishi kitu, na somo hilo atakwenda nalo mpaka mbele ya shule. Mamlaka inayotaka vibao viheshimiwe inapaswa kuving'oa vilivyokufa.

Dawa ya vikomo vibaya, wengine wanasema, ni kuwasikiliza madereva wenyewe. Marekani wana desturi hiyo: wanapima kasi ambayo madereva 85 kati ya 100 hawaizidi, kisha wanaweka kikomo karibu na hapo. Ina faida ya kuheshimika. Kasoro yake ni kwamba mtu anayetembea pembeni hana kura, wala mtoto anayevuka. Na madereva hupima barabara kwa upana wa lami, hawaoni sekunde ya kushtuka. Ukiinua kikomo kuwafuata, kesho nao wanapanda kidogo, na unawafuata tena.

Ufaransa ilikwenda njia ya pili na ikalipia. Tarehe 1 Julai 2018 ilishusha kikomo cha barabara za njia mbili zisizotenganishwa kutoka 90 hadi 80. Watu wa mashambani walikasirika, wakisema waliopanga wanaishi mjini na wana treni. Hasira hiyo ilichangia maandamano makubwa dhidi ya serikali, yaliyopewa jina la fulana za njano, na kamera nyingi za mwendo zilichomwa au kupakwa rangi. Tathmini ya Cerema, taasisi ya serikali, ilikadiria vifo 349 pungufu katika miezi 20 ya kwanza, na safari zikirefuka kwa takriban sekunde moja kwa kila kilomita. Baadaye mikoa iliruhusiwa kurudisha 90, na mingi ikarudisha. Mimi nawaelewa wale waliokasirika kuliko wanavyodhani: waliambiwa wapunguze, na barabara yao ikaachwa vilevile, na mstari uleule wa rangi.

Sweden walifanya vyote viwili. Barabara nyingi za mashambani zisizo na kizuizi cha katikati zilishushwa kutoka 90 hadi 80. Nyingine zikachukuliwa zikagawanywa upya kwa njia tatu, mbili upande huu na moja upande ule, zikibadilishana kila baada ya kilomita chache ili kila upande upate zamu yake ya kuyapita malori, na katikati ukavutwa waya wa chuma uliokazwa kwenye nguzo. Ajali za uso kwa uso zikakaribia kwisha kwenye barabara hizo. Lami haikuongezwa kwa kiasi cha kutajika, madereva hawakurudishwa darasani, na magari yalikuwa yaleyale. Na kwenye nyingi kati ya hizo, waya ulipokuwa tayari, wafanyakazi walikwenda pembeni mwa barabara, wakashusha vibao vya zamani, wakapandisha vya 100.